Namna ya Kumsoma James Joyce, Kuanzia Hadithi Fupi hadi Ulysses

Msomaji anayetaka kumfahamu James Joyce mara nyingi huelekezwa moja kwa moja kwenye Ulysses, kwa kuwa ndicho kitabu kinachotajwa kila panapozungumzwa riwaya ya karne ya 20. Hukifungua kwa hamu, husoma sura mbili kwa taabu, kisha hukwama katika sura ya tatu, ambamo kijana mmoja anatembea ufukweni akiwaza falsafa kwa vipande vya Kilatini na Kijerumani. Kitabu hurudi kabatini, na msomaji hubaki akiamini kwamba kiliandikwa kwa ajili ya maprofesa peke yao. Mwongozo huu ni wa msomaji huyo. Shauri lake kuu ni kwamba Joyce asomwe kwa mfuatano aliouandikia, kwa sababu kila kitabu chake humfundisha msomaji namna ya kukisoma kinachofuata, na kila kimoja kimechotwa katika kipindi cha maisha yake ambacho tunakifahamu vizuri.

Anza na maisha yake

Joyce alizaliwa tarehe 2 Februari 1882 huko Rathgar, kusini mwa Dublin, wakati ambapo Ireland nzima ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, John Stanislaus Joyce, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, ulimi mwepesi wa visa, na mali aliyoirithi mjini Cork, ambayo aliiweka rehani kidogo kidogo na kuinywa mpaka ikaisha. James, mkubwa katika watoto kumi waliobaki hai, alipelekwa mwaka 1888 katika shule ya bweni ya Wajesuiti ya Clongowes Wood, akaondolewa mwaka 1891 kwa sababu karo ilishindikana. Kuanzia hapo familia ilihama nyumba baada ya nyumba, kila mara kwenda mtaa duni kuliko ule wa kwanza. Mtunzi anayeijua Dublin barabara kwa barabara aliijua kwa njia hiyo, kama mtoto wa baba asiyeweza kulipa kodi.

Mwaka huohuo wa 1891 alikufa Charles Stewart Parnell, kiongozi aliyekuwa akiipigania Ireland ijitawale kupitia Bunge la Uingereza. Uhusiano wake na mke wa mtu ulipojulikana mahakamani, maaskofu walimkana na sehemu kubwa ya chama chake ikamwacha. Nyumbani kwa akina Joyce jambo hili lilichukuliwa kuwa usaliti usiosameheka, na James, akiwa na umri wa miaka tisa, alitunga shairi la kuwalaani wasaliti ambalo baba yake alilichapisha. Jina la Parnell lishike vizuri, kwani utalikuta tena na tena katika vitabu vyake.

Mengine unayoyahitaji ni machache. Joyce alihitimu chuo kikuu mjini Dublin mwaka 1902, akaenda Paris, akaitwa nyumbani mwaka 1903 kwa sababu mama yake alikuwa mahututi, na mama huyo akafa Agosti mwaka huo. Juni 1904 alikutana na Nora Barnacle, msichana kutoka Galway aliyekuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Dublin, na tarehe 16 Juni walitembea pamoja kwa mara ya kwanza. Oktoba waliondoka wote wawili bila kufunga ndoa, jambo ambalo wangelifanya rasmi mwaka 1931 tu. Waliishi Trieste, mji wa bandari uliokuwa wakati huo chini ya Austria-Hungaria, Joyce akifundisha Kiingereza na kumtegemea sana mdogo wake Stanislaus kwa fedha. Wakakaa Zurich wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakahamia Paris mwaka 1920. Alifia Zurich tarehe 13 Januari 1941. Baada ya mwaka 1912 hakukanyaga tena Ireland, na hata hivyo hakuandika riwaya yoyote juu ya Trieste, Zurich wala Paris. Alikuwa na miaka 22 alipouhama mji wake, na kwa miaka 36 iliyofuata akaendelea kuuandika akiwa mbali.

Dubliners: jifunze kusikia kisichosemwa

Dubliners ni mkusanyiko wa hadithi 15 zilizochapishwa mwaka 1914 baada ya mvutano wa miaka mingi. Mchapishaji mmoja wa London aliukubali mswada mwaka 1906 kisha akaogopa. Mwingine wa Dublin alifikia hatua ya kupiga chapa, na mwaka 1912 kurasa zilizokuwa tayari zikaharibiwa. Kilichowatia hofu kilikuwa lugha ya mitaani, majina halisi ya baa na maduka, na maneno ya kejeli juu ya mfalme wa Uingereza. Kwa msomaji wa leo hadithi hizi zinaonekana tulivu mno, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Hakuna neno gumu, hakuna sentensi inayochosha, lakini ukimaliza waweza kujiuliza ni nini hasa kimetokea.

Soma hadithi moja kwa siku, usizidishe. Zisome kwa mpangilio wa kitabu, kwani Joyce alizipanga kuanzia utotoni, kupitia ujana na utu uzima, hadi maisha ya hadharani. Zoea mapema kistari kirefu mwanzoni mwa mstari: Joyce hakupenda alama za mtajo, naye hutumia kistari hicho kuonyesha kwamba mtu ameanza kusema. Kistari hakionyeshi mahali anapomaliza, kwa hiyo lazima usikilize sauti ili ujue msimulizi amerejea lini. Zoezi hili dogo litakusaidia sana utakapofika Ulysses.

Chukua Eveline kuwa hadithi ya mafunzo. Ni kurasa chache tu. Msichana wa miaka 19 ameketi dirishani jioni, akinusa vumbi la mapazia, na anafikiri juu ya safari ya kwenda Buenos Aires na baharia anayeitwa Frank ambaye ameahidi kumwoa. Baba yake ni mlevi anayemtishia. Mama yake amekufa akiwa amerukwa na akili, baada ya kumwahidisha kwamba ataishikilia nyumba kadiri awezavyo. Bandarini, watu wakipanda meli, Eveline anakishika chuma cha uzio na hawezi kusogea. Msimulizi haelezi kwa nini. Rudi sasa mwanzoni, usome tena ukitafuta ni sentensi zipi ni za msimulizi na zipi ni za Eveline mwenyewe, ingawa zote zimeandikwa kwa nafsi ya tatu. Utaona kwamba masimulizi yanaazima maneno ya msichana, woga wake na hata visingizio vyake, bila kutangaza kwamba yameyaazima. Huu ndio ufundi wa msingi wa Joyce, na asiyeutambua hapa atapata tabu kuutambua katika riwaya.

Katika Counterparts fanya jambo lilelile kwa karani Farrington, anayedhalilishwa ofisini na mkubwa wake, akaweka saa yake rehani apate fedha za pombe, kisha akarudi nyumbani kumchapa mtoto wake kwa fimbo. Katika Ivy Day in the Committee Room wapiga debe wa uchaguzi wanaota moto na kusubiri chupa za bia siku ya kumbukumbu ya Parnell. Sikiliza jinsi kila mmoja anavyolitaja jina lake na jinsi anavyokwepa kujilinganisha naye.

Kisha ipe jioni nzima The Dead, hadithi ya mwisho na iliyo ndefu kuliko zote, ambayo Joyce aliiandika Trieste mwaka 1907. Gabriel Conroy, mwalimu na mwandishi wa makala za uhakiki, anahudhuria karamu ya kila mwaka ya shangazi zake wazee. Anakata nyama ya bata bukini, anatoa hotuba, anaudhika kidogo kwa kuitwa kibaraka wa Waingereza, na anasubiri kwa shauku kurudi hotelini na mkewe Gretta. Kwenye ngazi anamwona Gretta amesimama akisikiliza wimbo wa zamani. Hotelini anajua kwamba wimbo huo umemkumbusha kijana Michael Furey, aliyempenda kule Galway na akafa akiwa na miaka 17. Nora Barnacle naye alikuwa na mpenzi wa ujanani aliyekufa Galway, na Joyce alikuwa na wivu juu ya marehemu huyo. Katika hadithi amempa Gabriel wivu wake mwenyewe, kisha akamfikisha mahali ambapo wivu unayeyuka na kuwa huruma kwa wote walio hai na waliokufa. Hadithi hii isomwe mara mbili. Mara ya pili fuatilia theluji peke yake: tangu Gabriel anapoikung'uta kwenye viatu mlangoni, hadi inapoangukia Ireland nzima katika aya ya mwisho. Sijui hadithi fupi ya Kiingereza iliyojengwa kwa uangalifu kuliko hii.

A Portrait of the Artist as a Young Man

Riwaya hii ya kwanza ilitoka kitabuni New York mwaka 1916, baada ya kuchapishwa kwa sehemu katika jarida la The Egoist la London, ambako mshairi Ezra Pound alikuwa ameisaidia kufika. Ina sura tano, na katika kila sura lugha ina umri wa mhusika mkuu, Stephen Dedalus, mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ni ngano na vionjo vya mtoto mdogo. Sura ya mwisho ina hoja ndefu za mwanafunzi wa chuo kikuu juu ya uzuri, na inamalizikia katika shajara. Basi usiilalamikie sura ya kwanza kwamba ni ya kitoto, wala ya tano kwamba ina majivuno. Joyce amemwacha Stephen awe mtoto alipokuwa mtoto, na awe na majivuno alipokuwa na majivuno.

Mandhari tatu zinastahili kusomwa polepole. Ya kwanza ni chakula cha Krismasi, ambapo ugomvi juu ya Parnell na maaskofu unaivunja sherehe mbele ya mtoto asiyeelewa kwa nini watu wazima wanalia. Ya pili ni ile ya Stephen kupigwa viganja na padre kwa sababu ya miwani iliyovunjika pasipo kosa lake, halafu akajipa moyo na kwenda peke yake kushtaki kwa mkuu wa shule. Ya tatu ni mahubiri juu ya Jehanamu katika sura ya tatu, ambayo ni marefu kwa makusudi: waliosoma seminari wataitambua sauti hiyo mara moja, na wengine wote waisome kwa sauti ili uzito wake uwaelemee kama ulivyomwelemea kijana wa miaka 16 mwenye dhambi ya siri.

Kuna pia mazungumzo mafupi katika sura ya tano kati ya Stephen na mkuu wa masomo, ambaye ni Mwingereza. Stephen anatambua kwamba lugha wanayozungumza ni ya yule mwenzake kwanza, kabla ya kuwa yake, na kwamba daima itakuwa kwake lugha iliyojifunzwa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesomeshwa kwa Kiingereza hatahitaji maelezo ya kurasa hizo.

Kama una muda, pitia mashairi ya Chamber Music ya mwaka 1907 na tamthilia ya Exiles ya mwaka 1918. Si lazima.

Ulysses: siku moja, watu watatu

Ukifika hapa umeshakuwa na silaha zako: unajua kistari, unajua masimulizi yanayoazima sauti ya mhusika, unamjua Stephen, unamjua Parnell, na unajua kwamba Joyce hueleza jambo zito kwa kulizunguka. Mambo yote katika Ulysses yanatokea Dublin siku ya Alhamisi, tarehe 16 Juni 1904, tangu saa mbili asubuhi hadi usiku wa manane kupita. Ni siku ileile ya matembezi ya kwanza na Nora.

Kabla ya kuanza, pata muhtasari wa Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Inatosha kujua kwamba Odysseus, ambaye Warumi walimwita Ulysses, anahangaika baharini miaka kumi baada ya vita vya Troy akitaka kurudi kwa mkewe Penelope. Kwamba mwanawe Telemachus anatoka kumtafuta. Na kwamba nyumbani kumejaa wanaume wanaomtaka mke huyo. Joyce amemweka mahali pa shujaa huyo Leopold Bloom, mtu wa miaka 38 anayetafutia gazeti matangazo ya biashara, mtoto wa Myahudi aliyehamia kutoka Hungaria. Telemachus ni Stephen, ambaye sasa ana miaka 22 na bado amevaa nguo nyeusi za msiba wa mama yake. Penelope ni Molly, mke wa Bloom, mwimbaji, ambaye alasiri hiyo atapokea nyumbani mwanamume mwingine, na Bloom analijua hilo tangu asubuhi. Sura 18 za kitabu hazina majina, lakini wahakiki huziita kwa majina ya Homer ambayo Joyce mwenyewe aliwapa rafiki zake katika majedwali; ukiyakuta mahali, usidhani nakala yako ina upungufu.

Kuhusu nakala, toleo la Oxford World's Classics linatoa matini ya mwaka 1922 pamoja na maelezo, na toleo la Hans Walter Gabler la mwaka 1984 ndilo linalotumiwa sana na watafiti. Asiye na uwezo wa kununua apakue bure kutoka Project Gutenberg. Kitabu kikubwa cha maelezo cha Don Gifford ni kizuri, ila kisomwe baada ya kila sura na si sambamba nayo, kwani anayesimama kila mstari kutafuta maana ya jina la duka hatausikia wimbo wa sentensi. Weka kando yako ramani ya Dublin. Joyce aliandika akiwa na kitabu cha anwani za Dublin cha mwaka 1904, na alimwandikia shangazi yake Josephine kumuuliza kama mtu wa kawaida angeweza kuruka uzio wa nyumba namba 7 ya Eccles Street na kushuka chini bila kuumia. Mtunzi aliyejali kiasi hicho anastahili msomaji mwenye ramani.

Sasa shauri ambalo baadhi ya walimu hawatalikubali, lakini nalisimamia: anza na sura ya nne. Sura tatu za kwanza ni za Stephen, na Stephen ni mgumu kwa sababu amesoma sana na ana huzuni. Sura ya nne inaanza saa mbili asubuhi vilevile, jikoni kwa Bloom, na kwa hiyo hupotezi mfuatano wa wakati. Anampa paka maziwa, anatoka kununua figo ya nguruwe, anampelekea Molly chai kitandani, anaona barua ya yule mwanamume mwingine ikifichwa chini ya mto. Soma ya nne, ya tano na ya sita, kisha rudi kwenye ya kwanza. Utamkuta Stephen akiondoka kwenye mnara wa Sandycove baada ya kumwachia mwenzake ufunguo, nawe utakuwa umeshajua kwamba Bloom naye ameusahau wake katika suruali nyingine. Watu wawili wasio na ufunguo wa nyumbani kwao watazunguka mji mmoja siku nzima, wakipishana, mpaka wakutane usiku.

Namna ya kuyafuata mawazo ya Bloom ni hii. Angalia kitenzi. Sentensi kamili yenye nafsi ya tatu na wakati uliopita ni ya msimulizi; kipande kifupi kisicho na kiima, au chenye kitenzi cha wakati uliopo, ni cha Bloom. Katika sura ya sita Bloom yumo ndani ya gari la farasi na wanaume watatu wakielekea mazishini Glasnevin. Jeneza dogo la mtoto linapita kwa kasi. Msimulizi anasema sentensi moja tu. Papo hapo, bila neno lolote la kutuvusha, tumo ndani ya kichwa cha Bloom na uso wa mwanawe Rudy, aliyekufa akiwa na siku 11. Dakika chache baadaye mmoja wa wanaume anasema kwamba kujiua ni aibu kubwa kuliko zote katika familia, na mwingine anajaribu kumkatiza upesi. Kwa nini? Kitabu hakisemi hapo. Baadaye kidogo tunafahamu kwamba baba yake Bloom alijiua, na kwamba yule aliyekatiza alikuwa akijua. Rudia kurasa hizo na utaona Joyce wa Eveline akifanya kazi yake ileile kwa upana zaidi.

Kuanzia sura ya saba mtindo unaanza kubadilika kila sura, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamepotea. Hawajapotea, jifunze tu kanuni ya sura husika kabla ya kuisoma. Ya saba imekatwakatwa na vichwa vya habari kwa sababu imo ndani ya ofisi za gazeti. Ya 10 ina vipande 19 vinavyofuata watu mbalimbali barabarani katika saa ileile. Ya 11 imetungwa kimuziki, na kurasa zake mbili za mwanzo ni viashirio vya sauti zitakazokuja. Zipite bila kujaribu kuzielewa, kisha uzirudie ukimaliza. Ya 14 inaiga mitindo ya nathari ya Kiingereza tangu zamani za kale mpaka lugha ya mitaani, wakati mama mmoja akijifungua ghorofani. Ndiyo ngumu kuliko zote, na ukiisoma kwa haraka mara ya kwanza hutakuwa umekosa adabu. Ya 15 ni ndefu mno na ina umbo la tamthilia ya ndotoni katika mtaa wa makahaba. Ya 17 ni maswali na majibu kama ya katekisimu, na ndani ya ukavu wake wa kitaalamu kuna simanzi kubwa: watu wawili wanakunywa kakao, mmoja anamwalika mwenzake alale, mwenzake anakataa, basi. Ya 18 ni Molly kitandani, sentensi nane ndefu karibu zisizo na alama za uandishi. Isome kwa sauti na pumzi itakuonyesha vituo vilipo.

Sura ya 12 naomba uipe muda wa pekee. Bloom ameingia katika baa ya Barney Kiernan, ambamo mzalendo mmoja mwenye makelele, anayeitwa tu Raia, anahubiri chuki dhidi ya wageni. Katika mazungumzo hayo linaibuka suala la Kongo: mnywaji mmoja anataja ripoti juu ya Wabelgiji wanaowabaka wanawake na kuwachapa wenyeji ili wapate mpira mwekundu, na Raia anadakia kwamba aliyeiandika, Casement, ni Mwairishi. Roger Casement ni mtu wa kweli, aliyekuwa konsuli wa Uingereza huko Kongo, na ripoti yake juu ya ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold ilitoka mwaka 1904, miezi michache kabla ya siku ya hadithi. Mwaka 1916 Waingereza walimnyonga kwa kushiriki katika harakati za uhuru wa Ireland, na Joyce aliiandika sura hii akijua hivyo. Tazama basi alivyoipanga: watu walewale wanaowahurumia Wakongo na kuwalaani Waingereza wanamgeukia Myahudi aliyekaa nao meza moja na kumuuliza taifa lake ni lipi. Bloom anajibu kwamba ni Ireland, alizaliwa humo. Anaongeza kwamba nguvu na chuki si maisha ya wanadamu, na kwamba maisha ya kweli ni kinyume cha chuki. Anafukuzwa, na Raia anamrushia kopo la biskuti. Kurasa hizo ndizo zinazonifanya niamini kwamba Ulysses ni kitabu chetu pia.

Ukisoma sura moja kwa wiki, na wiki mbili mbili kwa sura ya 14 na ya 15, utamaliza kwa wiki 20. Tafuta wenzako wawili au watatu wa kusoma nao. Pale mnapokwama, sikilizeni usomaji kamili uliotayarishwa na redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, mwaka 1982, unaochukua karibu saa 30. Mara nyingi sauti ya Dublin hufungua sentensi ambayo macho yameshindwa kuifungua.

Inafaa pia kujua kitabu hiki kilipitia wapi mpaka kikufikie. Wahariri wa jarida la The Little Review la New York, Margaret Anderson na Jane Heap, waliokuwa wakikichapa sura kwa sura, walishtakiwa kwa uchafu na mwaka 1921 wakatozwa faini ya dola 50 kila mmoja. Hakuna mchapishaji wa Kiingereza aliyethubutu tena. Sylvia Beach, Mmarekani mwenye duka la vitabu la Shakespeare and Company mjini Paris, alijitolea kukichapisha, na nakala za kwanza zikatoka tarehe 2 Februari 1922, siku ambayo Joyce alitimiza miaka 40. Marekani ilikiruhusu baada ya hukumu ya Jaji John Woolsey mwaka 1933. Karibu kila mlango ambao Joyce alifunguliwa ulifunguliwa na mwanamke: Beach, Anderson na Heap, na Harriet Shaw Weaver wa London, aliyemtunza kwa fedha zake kwa miaka mingi huku Joyce akipasuliwa macho mara kwa mara, naye binti yake Lucia akizidiwa na maradhi ya akili.

Finnegans Wake na waliomfuata

Kitabu cha mwisho, kilichotoka mwaka 1939 baada ya kazi ya miaka 17, ni ndoto ya usiku iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na lugha nyingi za dunia, na sentensi yake ya mwisho inaungana na ya kwanza. Usijaribu kukisoma chote. Tafuta sura ya nane ya sehemu ya kwanza, ambamo wanawake wawili wanafua nguo kwenye kingo za mto Liffey na kumsengenya Anna Livia, ambaye ndiye mto wenyewe. Humo Joyce amesuka majina ya mamia ya mito, na wachunguzi wamebainisha humo maneno ya Kiswahili pia. Sikiliza kwanza rekodi ya mwaka 1929 ambamo Joyce mwenyewe anasoma mwisho wa sura hiyo. Ikikuvutia, endelea, isipokuvutia, hujapungukiwa na kitu.

Urithi wake utaufuata vizuri zaidi kwa kusoma kuliko kwa kusomewa orodha. Mwandishi wa Ireland Samuel Beckett, aliyemsaidia kazi mjini Paris akiwa kijana, alichukua njia ya kupunguza maneno kwa sababu aliona Joyce ameshamaliza njia ya kuyaongeza. Mwandishi mwingine wa Ireland, Flann O'Brien, alikuwa mmoja wa marafiki waliopanda magari ya farasi tarehe 16 Juni 1954 kuufuata mzunguko wa Bloom, na tangu hapo siku hiyo huadhimishwa Dublin kila mwaka. Kwa upande wetu, aliyesoma Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi anajua tayari kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuacha kamba ya matukio na kumtaka msomaji ajenge maana pamoja na mtunzi. Sidai kwamba Kezilahabi alimwiga Joyce. Nasema kwamba msomaji wa Kezilahabi anaingia Ulysses akiwa na uzoefu ambao wengi hawana.

Wasifu mkubwa wa Joyce ulioandikwa na Richard Ellmann, uliotoka mwaka 1959, uache mpaka umalize Ulysses. Ellmann anaonyesha karibu kila mhusika alitokana na nani mtaani, na ukiusoma mapema utamwona Bloom kama mkusanyiko wa watu wa Dublin na Trieste kabla hujapata nafasi ya kumjua yeye mwenyewe.